Bi Sponji Alikuwa Anarudi Nyumbani

Kinyozi anasimulia hivi. Anasema ndege ya kuchezea ilinasa kwenye waya wa umeme. Anasema Bi Sponji aliitazama, akaizunguka, akaenda kuchukua bomba la chuma, akaanza kuichokoa kama mtu anayeangua mapapai. "Nilimpigia kelele," anasema kinyozi. "Nikamwambia mama wee, acha! Wapi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Kisha anapuliza nywele kwenye mashine yake, anamgeuza mteja shingo, na kumalizia: "Msiba wa kujitakia hauambiwi pole."

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Saa hii ni ya waliotutoka. Leo tunamkumbuka fundi makochi wa barabara ya nyuma ya soko. Wengi wenu mmekalia kazi ya mikono yake bila kujua ni ya nani. Mlimwita Bi Sponji, na yeye akaitika. Sasa nawaambia mapema, msije mkasema sikuwaambia. Mmezoea nikiongea taratibu saa hii. Leo nimeingia studio nimekasirika, na sioni cha kunipoza.

Nimekasirika kwa sababu maneno ya kinyozi hayakubaki kwa kinyozi. Yamepanda ngazi. Yameingia ofisi ya umeme, yakapigwa chapa, yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo pale getini. Nimekwenda kuyasoma kwa macho yangu. Yameandikwa: marehemu alifariki akijaribu kunasua mdoli wake kwenye waya. Mdoli! Mwanamke aliyelea wadogo zake, akalea mtoto wake, amezikwa na neno hilo kichwani.

Wasikilizaji wapendwa, ndege haikunasa kwenye waya. Narudia, kwa aliyekuwa anaosha vyombo akawa hakusikia. Ndege haikunasa kwenye waya. Bi Sponji alikuwa ameshamaliza kurusha. Alikuwa anarudi nyumbani.

Sasa tuanze mwanzo.

Siku moja aliletewa kochi juu ya pikapu. Mwenye kochi ni mtu wa duka la simu. Kochi liliposhushwa, chini yake kukaonekana ndege. Ndege ya kuchezea, ile ya kurushwa kwa rimoti, nyeupe, urefu wa mkono wa mtu mzima, bawa moja limekatika. Bi Sponji akauliza, hii nayo inatiwa sponji? Mwenye kochi akacheka. "Tupa tu, mama. Niliinunua asubuhi, nikaivunja mchana."

Hakuitupa. Binti yake, ambaye leo yuko nami hapa studio, anasema mama aliacha kochi la watu limepasuliwa tumbo, springi ziko nje, akakaa chini na ile ndege mapajani.

"Akachukua gundi yake ya makochi," binti anasema. "Akaipaka kwenye bawa. Akaniambia, kesho itaruka hii. Tukaenda kula. Kurudi, tunakuta bawa limeliwa! Ile gundi imelila lile povu jeupe, limebaki shimo. Mama akasema, kumbe nimempa mgonjwa sumu."

Hilo ndilo kosa lake la kwanza, na asingelifanya mtu mwingine ila fundi makochi. Gundi inayoshika ngozi na mbao inayeyusha povu la ndege. Akajifunza. Akatafuta gundi nyeupe ya seremala. Bawa jipya akalikata kwenye lile povu gumu linalokuja ndani ya boksi la friji, kwa kisu kile kile cha kukatia sponji. Binti akamtafutia video kwenye simu. Mama hakujua lugha ya wale watu wa kwenye video. Alitazama mikono yao tu.

Uwanja wake ulikuwa ule wa nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Mnaujua. Upande mmoja kuna ukuta wa kiwanda, upande wa pili kuna barabara na kibanda cha kinyozi. Na kati ya uwanja na barabara, nguzo za umeme. Mzikumbuke hizo nguzo.

Siku ya kwanza ndege ilipanda wima kama imechomwa sindano, ikasimama hewani, ikageuka, ikachimba ardhi. Watu walitoka kibandani na povu la sabuni mashavuni kuja kutazama.

"Bi Sponji!" kinyozi akapaza sauti. "Imetua au imezikwa?"

"Imetua kwa kichwa," akajibu. "Vichwa si ndiyo kazi yako? Njoo uitazame."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye aliokota vipande vyake, akatia kwenye aproni, akarudi kazini. Akagundua kosa: mkia ulikuwa mzito kuliko pua. Ndege ya namna hiyo huipimi kwa mizani. Unaweka vidole viwili chini ya mabawa, unainyanyua, unaona inainamia wapi. Bi Sponji akachukua misumari yake ya urembo, ile ya kichwa cha dhahabu tunayoiona kwenye makochi ya wenye nazo, akaichomeka puani mwa ndege mmoja mmoja mpaka ikakaa sawa juu ya vidole. Ndiyo maana ndege yake ilikuwa na pua inayong'aa.

Na ikaruka. Siku hiyo kaka yake alikuwepo. Kaka yake ni fundi wa kufunga mapazia, ndiye anayemfuata kuzaliwa. Nilimkuta nyumbani kwake amekaa kwenye ndoo, hataki kiti. Akaniambia:

"Mwanangu, wewe unaniuliza kwa nini mtu mzima anacheza. Hebu nikuulize mimi. Ulishamwona dada yangu akicheza? Mimi sikumwona. Sisi tulipocheza mpira, yeye alikuwa na mdogo wetu mgongoni. Tulipoogelea, yeye alikuwa anatufulia. Siku ile ndege ilipozunguka uwanja ikarudi, aliruka. Mwanamke wa umri ule, na mwili wake ule, aliruka miguu yote miwili ikaacha ardhi! Akanipiga kofi la mgongo. Akasema, wee, kumbe ndiyo hivi! Nikamuuliza ndiyo hivi nini? Akasema, kucheza."

Nataka hilo neno mlisikie nyinyi mliomcheka. Na nilimcheka hata mimi nilipopita pale mara moja, sitajitoa kwenye kundi. Lakini kucheka ni kucheka. Kumzulia maiti ni kitu kingine.

Alikuwa makini, wasikilizaji wapendwa. Shikeni hilo. Alikuwa makini kupita kiasi. Binti anasema hata yeye alifundishwa kwa amri kama jeshini. Ndege ikiwa inakwenda mbele yako, kulia ni kulia. Ikigeuka kukujia usoni, kulia kumekuwa kushoto, na hapo ndipo wengi huangusha. Mama alimwambia: "Usifikiri. Ukifikiri umechelewa. Tazama bawa linaloangukia chini, sukuma kijiti cha rimoti upande huo huo, kama unamwekea mto." Fundi makochi, hata hewani anaweka mito.

Amri nyingine ilikuwa ya betri. Hii ndiyo nataka muisikilize kwa masikio yote mawili.

Kuwasha, unaanza na rimoti, halafu ndege. Kuzima, unaanza na ndege, halafu rimoti. Kwa nini? Kwa sababu ukizima rimoti kwanza, ndege inabaki haina wa kuisemesha, na mota inaweza kujiwasha ikakufyeka vidole. Kwa hiyo Bi Sponji, ndege ikishatua, kabla hajaibeba, kabla hajamsalimia mtu, aliinama, akafungua kifuniko, akachomoa betri, akaitia mfuko wa mbele wa aproni. Ndipo akazima rimoti. Ndipo akaongea na watu. Kila siku. Mwulizeni mtu yeyote aliyewahi kusimama pale akimsubiri amalize ili amuulize kochi lake limefikia wapi.

Ndege ikiwa hewani, betri iko ndani ya ndege. Ndege ikiwa imenasa juu ya waya, betri iko juu ya waya. Betri ikiwa mfukoni, ndege iko mkononi. Hata mimi wa darasa la saba nimeelewa.

Sasa nguzo.

Kabla ya mvua, lori la kokoto lilirudi nyuma vibaya likaigonga nguzo moja. Nguzo haikuanguka. Iliinama tu, kama mlevi aliyeegemea ukuta. Dereva akaondoka. Sisi wengine tulipita chini yake hatukuona kitu, kwa sababu sisi hutazama chini tusikanyage matope. Anayerusha ndege hutazama juu. Bi Sponji akaona waya umelegea. Akaona kila wiki unazidi kushuka. Akahamisha mchezo wake akaupeleka kule mwisho, karibu na ukuta wa kiwanda, mbali kabisa na nguzo. Lakini njia ya kurudi nyumbani ni ile ile. Lazima upite chini ya waya.

Akaenda ofisi ya umeme. Binti alikwenda naye. Nimemwomba arudie yaliyosemwa, na amerudia akiwa ameuma meno.

Afisa wa pale dirishani akamuuliza: "Wewe umejuaje kama umelegea?"

"Nimeuona, baba. Nikirusha ndege zangu nauona."

"Ndege zako?"

"Za rimoti."

Afisa akageuka kwa wenzake. "Jamani, simameni wima! Tumepata taarifa kutoka kwa kamanda wa anga!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bi Sponji naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Kisha akasema, "Haya, tumecheka. Mtakuja lini?"

"Mama, shida yako si waya. Shida yako ni midoli. Kachezee kwingine."

Alirudi tena ofisini kwao. Na akarudi tena. Mara ya mwisho hakutaja ndege kabisa. Alisema kuna watu wanapita na mizigo kichwani, watakuja kuguswa. Afisa yule yule akamtambua. "Aa, kamanda! Bado unaruka?"

Mnaona, wasikilizaji? Angekuwa amelewa wangemsikiliza. Angekuwa mwenye gari wangemfuata hadi mlangoni. Lakini mwanamke mzima anayefurahia kitu kisichomletea chakula, huyo hana lake la kusikilizwa. Furaha yake ilifanywa kasoro ya akili, na waya ukaendelea kushuka.

Kinyozi, nakurudia wewe. Umesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu gani aliyesema? Aliyesema ni yeye. Wasiosikia ni wao. Guu limevunjika la nani?

Sasa bomba. Bomba lilikuwepo, sitaficha. Bi Sponji alikuwa na mti wa upepo. Kila mrusha ndege hutaka kujua upepo unatoka wapi, maana ndege hupanda kwa kuukabili upepo na hutua kwa kuukabili. Kwa hiyo alichomeka fito ndefu ardhini, juu yake kipande cha kitambaa chekundu cha kochi, kinapepea. Mchwa wakaila ile fito. Kaka yake akamletea bomba la pazia, jepesi, haliliwi na mchwa.

"Nililitoa mimi," kaka akaniambia pale juu ya ndoo. "Bomba ni langu. Nilibakiwa nalo kazini. Angekuwa na fito yake leo angekuwa anapiga stepla pale dukani. Mwanangu, usilikate hili. Liseme redioni. Wao hawataki kusema lao, mimi nitasema langu."

Nimelisema, mjomba. Na naongeza hili: bomba la pazia begani si kosa. Nimewauliza waliokuwa wakipita chini ya waya ule. Mtu aliyefungua mwavuli na kuunyanyua kidogo angeugusa. Waya wa umeme hauna ruhusa ya kushuka ukakutana na begi la mtu, na mwavuli wa mtu, na bomba la mtu. Kazi yake ni kukaa juu. Na wako watu wanaolishwa na kazi ya kuuweka juu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Asubuhi alimaliza kiti cha daktari wa meno. Alasiri akaenda uwanjani. Akarusha. Akatua. Akang'oa bomba lake lenye kitambaa, akaliweka begani. Ndege kwapani. Akashika njia ya nyumbani.

Kukatokea mlio.

Nilikwenda kibandani kwa kinyozi. Sikwenda kwa ugomvi. Nilikaa kwenye benchi, nikasubiri wateja waishe. Nikamuuliza, "Kaka, ulimwona akiinua bomba?"

"Nilimwona."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapa hapa. Nilikuwa namnyoa mtu."

Nikatazama. Pale anaponyolea, mgongo wake uko kwa uwanja. Mbele yake kuna kioo, na kioo kimebandikwa picha za mitindo ya nywele juu hadi chini.

"Kwa hiyo ulimwona kwenye kioo?"

"Dada, nilisikia mlio! Nikatoka. Nikamkuta chini, bomba liko pale, waya uko pale. Sasa hapo kuna nini tena cha kuuliza?"

"Na ile kelele uliyompigia? Mama wee, acha?"

Akachukua taulo akalikung'uta, halikuwa na kitu. "Watu wote walisema alikuwa anachokoa," akasema. "Yule bwana wa umeme alipokuja aliniuliza, alikuwa anatoa ndege, siyo? Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Kila mtu anajua alikuwa na ndege."

Hapo ndipo taarifa ilipozaliwa, wasikilizaji wapendwa. Swali lilikuja limebeba jibu lake mgongoni. Bwana wa umeme akauliza anachotaka, kinyozi akaitikia, na mwanamke akawa amejiua.

Hospitali walimkabidhi binti nguo za mama yake kwenye mfuko. Aproni ilikuwa imeungua upande wa bega. Kwenye mfuko wa mbele kulikuwa na mkasi mdogo, misumari ya urembo, na betri. Binti, hebu waambie mwenyewe.

"Ilikuwa betri ya ndege. Ile ile. Kasha la betri kwenye ndege lilikuwa wazi, halina kitu ndani. Na rimoti ilikuwa imezimwa. Ndege yenyewe nilipewa na watu waliomwinua, walisema ilikuwa chini ya mkono wake. Haina hata alama ya moto. Nikaenda ofisini nikawaonyesha. Wakaniambia betri si ushahidi, betri ni betri."

Asante, mdogo wangu. Betri ni betri. Sawa. Basi nirudie kwa mara ya mwisho. Betri ilikuwa mfukoni. Ndege ilikuwa kwapani. Hakukuwa na kitu juu ya waya cha kuchokoa. Bi Sponji alikuwa anarudi nyumbani.

Na waya? Waliukata siku ile ile. Wakaja na gari, na ngazi, na kofia za njano. Nguzo ikanyooshwa kabla maiti haijaoshwa. Kumbe walijua njia ya kufika.

Kwa niaba ya wote tulio hapa, nawapa pole familia. Pole binti, umebaki na makochi ya watu na umeamua kuyamaliza yote. Pole mjomba. Shuka kwenye hiyo ndoo, kaa kwenye kiti, dada yako alivitengeneza ili vikaliwe. Pole wateja mnaokaa leo kwenye mikono yake. Na kinyozi, pole hata wewe, maana usiku ni mrefu kwa mtu aliyesema uongo bila hata kulipwa.

Na sisi tunaobaki tujiulize. Mtu akikuambia kuna hatari, unasikiliza hatari, au unamtazama kwanza anayesema amevaa nini, anafanya nini, anacheza na nini? Wangapi tumewarudisha mlangoni kwa kicheko? Kicheko hakina gharama kwa anayecheka. Anayelipa ni mwingine.

Binti hakuja hapa kuomba mchango. Hakuja kuomba kesi. Ana ombi moja tu. Anataka mtu wa ofisi ile, kwa mdomo wake, hewani kama hivi, aseme kwamba mama yake hakuchokoa waya. Sentensi hiyo moja. Aende nayo nyumbani, aiweke alipoiweka ile ya ubaoni.

Tulimpigia afisa kabla ya kipindi. Yule yule wa dirishani. Alisema atakuwa kwenye simu muda huu. Fundi mitambo ananyoosha kidole: laini iko wazi.

Afisa, shikamoo. Uko hewani. Umesikiliza kipindi tangu mwanzo, uliniambia utasikiliza. Umelisikia ombi.

Afisa?

Wasikilizaji wapendwa, simu haijakatika. Tunasikia feni inazunguka huko ofisini. Tunasikia kiti kinalia. Mtu yupo.

Mdogo wangu, sogea. Vuta hiki kipaza sauti karibu. Muulize mwenyewe.

"Shikamoo baba. Ni mimi, mtoto wake. Sina maneno mengi. Sema tu hakuchokoa."